Mgeni wa Siku Kumi na Tisa

Baba alikuwa fundi wa ngozi, Isevya, nyuma ya machinjio.
Za mbuzi. Alizitia chumvi, akaziwamba kwa mambo ardhini,
akaniambia, "Shija, ngozi ivute ili maji,"
nami nikavuta, pua nimeiziba kwa bega.

Leo navuta ya Kalunde.

Sikupaswa kulijua jina. Kwenye chupa pana namba tu,
sifuri sita, na tarehe, kwa wino usiofutika.
Lakini Tabora ni ndogo,
na kila mvua zikianza nilinunua uyoga kwake,
naye aliongeza gao moja baada ya kipimo.

Shemeji zake waligoma: "Atafufukaje amechunwa?"
Msabila, mumewe, akachovya dole gumba.
"Alipokuwa hai," akasema, "hakumnyima jirani moto.
Mimi ni nani nimfundishe uchoyo leo?"

Tulitwaa ya mgongo na mapaja,
nyembamba, kama utando wa ndani wa kitunguu.
Tukamfunga bendeji nyeupe.
Dada zake waliomwosha walipita juu yake polepole,
kama mtu apitaye chumba cha mtoto aliyelala.

Damu ikapelekwa Mwanza: ukimwi, homa ya ini, kaswende.
Siku nne. Majibu yakarudi safi,
nikafurahi kama niliyefaulu mtihani ni mimi.

Nasuuza. Maji ya chumvi (chumvi tena, Baba!)
mara tatu, halafu dawa, halafu gliserini,
nzito kama asali ya Ipole.
Tamu pia, wanasema. Sijaonja.
Inayanyonya maji yote, na uhai unaondoka nayo;
zinabaki nyuzi,
jamvi ambalo wenyewe wamehama.

Saa nane usiku umeme unakatika.
Friji linaguna, linanyamaza.
Nimeliegemea mlangoni, nahesabu,
hadi jenereta ikohoe.

Nkwabi ameletwa kutoka Sikonge, miaka tisa.
Bani la tumbaku lilishika moto, naye aliingia kutoa fito,
maana deni la mbolea halijui moto.
Kifua, shingo, mkono wa kulia.
Ngozi iliyomsalia haitoshi hata kujikopesha.

Naipitisha kwenye mashine ya kutoboa.
Inaingia kitambaa, inatoka kimia,
kipande cha upana wa viganja viwili kinafunika kifua kizima.
Ivute, Shija. Nimeivuta, Baba.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu aliingia na jembe begani.
Usiku wa kwanza tu alizuia maji yasivuje,
akawafungia wadudu nje,
na mtoto, aliyekuwa akilia akipitiwa na upepo wa shuka,
akalala mpaka treni ya asubuhi.

Siku ya kumi na tisa mwili ulimtambua: si wa humu.
Akajikunja pembeni, akawa rangi ya ugoro.
Tukambandua kwa koleo, bila damu nyingi.
Chini palikuwa pekundu, pabichi, pamelimwa.
Tukapanda ya Nkwabi mwenyewe, kutoka pajani.

Ya ishirini, Msabila akafika kwa baiskeli.
Sijui nani alimwambia.
"Nionyeshe alipo."

Nilikuwa na maneno: kinga, chembe hai, muda.
Nikasema, "Ameondoka jana."

Alikaa kwenye benchi. Akaivua kofia, akaigeuza, akaigeuza.
"Alipoondoka, mlimpeleka wapi?"

Dirishani lilionekana bomba la tanuri la hospitali.
Sikulitazama. Nadhani aliona kwamba sikulitazama.

Nkwabi hakujua lolote.
Aliona mzee tu, akatoa mkono ule uliofungwa,
vidole vitatu vikichungulia nje ya bendeji.
"Shikamoo."

Msabila akavishika. Hakuitikia upesi.
"Vya moto," akasema, si kwangu wala si kwa mtoto.
Ndipo akaitikia marahaba,
akaondoka,
akaisahau kofia.